Miguu sita haikutosha

Jamani, leo nimejifunza kitu mezani kwangu.

Juzi mwalimu wa kwaya yetu aliniletea kinasa sauti. Tundu la chaji, lile la zamani la USB ndogo (maikro), lilikuwa limeng'oka. Akaomba nimwekee taipu-si, lile tundu la USB la kisasa, ili atumie waya wa simu yake. Nikachukua tundu la miguu sita, yaani vipini sita vya chuma vya kulehemu kwenye bodi: bei ndogo, na miguu yake imeachana, rahisi kulehemu.

Chaji ikaingia vizuri. Akafurahi, akaondoka.

Leo asubuhi karudi. "Fundi, kinachaji, lakini kompyuta haikioni kabisa." Ndani yake kuna nyimbo za mazoezi ya mwezi mzima.

Niliweka lile tundu chini ya lenzi nikahesabu. Miwili ya umeme, miwili ya ardhi (njia ya umeme kurudi), na miwili ya kutambua waya. Basi. Njia za data, zile zinazopitisha faili, hazipo kabisa. Niliumia, maana alikuwa ameniamini.

Nikaling'oa, nikaweka la miguu 16 pamoja na rezista (vizuia-umeme vidogo) mbili za kilo-omu 5.1, ili hata chaji ya waya wenye taipu-si pande zote mbili ikubali kutoa umeme. La miguu 24 sikuligusa; lile ni la vifaa vya kasi kubwa au vya kutoa picha kwenye skrini. Kinasa sauti kinatosheka na USB 2.0, kasi ya kawaida ambayo miguu 16 inaipitisha.

Faili la kwanza lilipofunguka, sauti za soprano zikajaa kibandani. Mwalimu akafumba macho.

Mafundi wenzangu, ninyi huwa mnamuuliza mteja nini kabla ya kuchagua tundu?