Ninavyofundisha sheria bila kuacha kesi za haki

Nilipoajiriwa kufundisha sheria chuoni, wakubwa waliniambia nichague moja: darasa au mahakama. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, maana darasa ndilo lililoniokoa mahakamani.

Mjane mmoja alikuja kwenye msaada wa kisheria. Shemeji zake walikuwa wamemtoa shambani kwa kisingizio cha mila. Tukafungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu ya Tanzania kupinga kanuni za kimila za urithi za mwaka 1963. Wakili mmoja mzoefu alisisitiza hoja zote tuzipakie kwenye hati ya kiapo, eti majaji wakutane nazo mapema. Mawakili wa Serikali wakaleta pingamizi la awali, yaani la kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa, wakanukuu kesi ya Matovu ya Uganda ya 1966: kiapo ni cha mambo yaliyotokea, si cha hoja za kisheria wala maombi. Shauri likafutwa, mama wa watu hajasikilizwa hata neno.

Kwa ridhaa yake nikafuta majina, nikawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hati ile na kalamu nyekundu. Kateni kila ambacho huyu mama hakukishuhudia mwenyewe. Wa kwanza akakata "kinyume na Ibara ya 13 ya Katiba", ile ya usawa mbele ya sheria. Mwingine akakata "kwa ukatili mkubwa", akaniuliza, "Mwalimu, ukatili huo kaupima nani?" Nilimpenda papo hapo! Wakakata, wakakata, ukabaki ukurasa mmoja: baada ya arobaini ya mumewe alikuta kufuli jipya mlangoni, na magunia yake ya kahawa yako nje yananyeshewa.

Darasa hilohilo nililisomesha kesi ya Holaria Pastory, ambamo Jaji Mwalusanya, mwaka 1990 kule Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanaume. Mwanzoni nusu ya darasa walitetea ukoo. Waacheni watetee, ndipo watakapojua kujibu.

Tukafungua upya. Tengeni pesa ya kudurufu, kwani mashauri haya husikilizwa na majaji watatu na makaratasi hayaishi. Na tangu sheria ya kudai haki za msingi mahakamani irekebishwe mwaka 2020, mwombaji lazima aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, kwa hiyo ukurasa kama ule ndio roho ya shauri. Pingamizi zikaja tena, lakini hakuna hata moja iliyogusa kiapo. Tukaingia kwenye hoja zenyewe, na mama akasikilizwa.