Wembe wa kukunja uliokuwa ukigusa mpini: jinsi nilivyotatua

Nilipofunga vibao viwili vipya vya mpini, ambavyo wembe hukunjwa katikati yake, kila nikikunja wembe, makali yalikwenda upande na kugusa kibao. Chuma chenyewe kilikuwa kimenyooka. Tatizo lilikuwa kabari ya mkiani, yaani kipande kidogo kinachobanwa kati ya vibao mwishoni mwa mpini: upande mmoja mnene kuliko mwingine, ikivipinda vibao vyote viwili.

Nikaitoa, nikaisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ikawa sawa. Makali niliyafunga utepe kwanza. Kisha nikairudisha kabari mahali pake, nikapitisha pini ya shaba ya milimita 1.6, ikatokeza kidogo tu juu ya washa (kijipete bapa cha chuma), nikaigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, nikigeuza upande kila mara. Hapa usiharakishe kabisa! Pigo zito hupinda pini ndani ya tundu, na kibao cha pembe ya mnyama hupasuka.

Sasa wembe unaingia katikati.