Pointa yangu ilikuwa na namba, haina kitalu

Ilikuwa 2011, niko mwaka wa mwisho chuo hapo Dar, projekti yangu mita ya maji ya kulipia kabla, chipu yake AT89C51 na LCD ya herufi 16 mistari miwili nimeinunua Kariakoo. Sasa hiyo chipu RAM yake ni baiti 128 tu, na humo humo rejista zinakaa, variabo zinakaa, steki inakaa. Mimi nimejaza meseji, INGIZA TOKENI, SALIO LIMEISHA, kila moja na nafasi zake inakula baiti 17, kuongeza ya sita tu Keil, ile kompaila inayogeuza kodi yangu ya C iwe lugha ya chipu, ikagoma, nafasi imejaa.

Nikasoma kwamba ukiweka neno code kwenye tangazo, maandishi yanakaa kwenye fleshi, kumbukumbu inayobeba programu yenyewe, na huko kuna kilobaiti 4 nzima. Nikaweka, RAM ikapumua. Ila fanksheni yangu ya kuandika kwenye LCD ilikuwa inapokea char data *s, yaani pointa, namba inayosema herufi ziko anwani gani, na neno data maana yake ni RAM, kompaila ikanipa onyo kwamba pointa inaelekea kumbukumbu nyingine, na mimi kwa haraka nikabandika kasti, (char data *), yaani kuilazimisha ikubali ni pointa ya RAM, onyo likapotea nikaona mambo safi.

Nikachoma chipu, yaani nikaipakia programu. LCD ikatoa vimraba na herufi za Kijapani. Siku mbili nzima nabadilisha waya, nachomelea upya, nimeazima mpaka LCD nyingine, wapi.

Fundi wa maabara akaja akakaa pembeni yangu akauliza, "Dogo, hiyo meseji yenyewe iko wapi?" Tukafungua debaga, programu ya kuchungulia kumbukumbu, iko kwenye fleshi anwani 0x0453, baiti mbili, 04 na 53. "Na pointa yako ina baiti ngapi?" Moja, maana pointa ya data ni baiti moja. Akaandika 0453 kwenye karatasi kwa penseli, akaziba 04 kwa kidole gumba, ikabaki 53. "Haya, 53 ya wapi? RAM ina 53 yake na fleshi ina 53 yake. Kiwanja namba 53 Kitalu A sio kiwanja namba 53 Kitalu B, wewe umeenda na namba tu, umegonga kwa watu."

Akaniambia toa neno data lote, acha char *s. Debaga ikaonyesha pointa sasa ina baiti tatu, FF 04 53, na ile FF ndio kitalu chenyewe, ndio code. Inafanya kazi, ila kila herufi chipu inaanza kuuliza kitalu kipi, na baiti tatu kwa RAM ile ni nyingi, kwa hiyo nikaandika char code *s, baiti mbili, basi. Na hapo ndio nikaelewa kwamba neno la kabla ya nyota linasema kinachoelekezwa kiko wapi, la baada ya nyota linasema pointa yenyewe inakaa wapi, miezi yote nilikuwa nadhani ni kitu kimoja.

Usiku salio likagoma kutokea, maana tarakimu zake ziko RAM na fanksheni sasa inasoma fleshi tu, nikaiandikia fanksheni yake nyingine ya data. Saa saba kasoro LCD ikaandika INGIZA TOKENI, na chini yake 0012.50.