Pedha kabla ya matokeo

Mtoto wa dada kanitumia orodha ya tahasusi za kidato cha tano, halafu swali: "Mjomba, ukisoma PCM unakuwa nani?" Yaani fizikia, kemia na hisabati. Sijamjibu. Nimebaki nawaza Pune, India, nyumbani kwa Aai, mama aliyenipangisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nasomea ualimu, nimepanga chumba cha juu. Kijana wa Aai alikuwa amemaliza darasa la kumi na mbili. Kule njia panda iko baada ya darasa la kumi: sayansi, biashara au sanaa, miaka miwili, ndipo digrii. Mpango huo wa 10+2+3 nilikuwa naukariri kwa ajili ya mtihani wangu mwenyewe. Ni wa Tume ya Kothari, tume ya elimu ya India, ripoti ya 1966, ukaingia kwenye sera ya elimu ya 1968. Kothari alikuwa mwanafizikia, lakini tume yake ilitaka nusu ya vijana wa ngazi ile waende kwenye ufundi, wasijazane wote mlangoni pa chuo kikuu. Tume ya Mudaliar ya 1952–53 nayo ilikuwa imetaka shule zenye michepuo mingi, ufundi ukiwemo. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Kijana mwenyewe alikuwa akisuka mota za feni pale barazani. Yangu aliisuka yeye, na ilizunguka vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Alipomaliza darasa la kumi aliomba mchepuo wa ufundi wa umeme. Baba yake, karani wa reli, alisema PCM. Huko nako wanaiita hivyohivyo, na mjadala uliishia hapo.

Siku ya matokeo tulikwenda watatu kwenye duka la intaneti. Baba alishika boksi la pedha, vile vitamu vya maziwa na iliki vinavyogawiwa mtu akifaulu. Alikuwa amenunua tangu asubuhi. Ukurasa uligoma, ukagoma tena. Ulipofunguka, mwenye duka akaanza kusoma alama kwa sauti, bila kuombwa, na foleni nzima ikasikia. Kiingereza. Kimarathi. Alipofika fizikia akapunguza sauti. Jumla 348 kati ya 600. Amefaulu, ndiyo, ila si alama za mtu aliyenunuliwa pedha asubuhi. Hakuna aliyejua kama ni hongera au pole.

"Hiyo ndiyo jumla?" Baba akauliza.

"Ndiyo jumla," mwenye duka akajibu. "Pedha ziko wapi?"

Baba akahangaika na uzi wa boksi, fundo likakataa. Kijana akalichukua, akakata uzi kwa meno, akamlisha mwenye duka kwanza, kisha baba yake, kisha mimi. Yeye hakula.

Mengine yalikwenda haraka: baba akauza kipande cha shamba, chuo binafsi cha uhandisi kikapatikana. Leo kijana anaandika programu Bengaluru na mshahara wake sithubutu kuutaja mbele ya walimu wenzangu. Kwa hiyo mzee alipatia? Kila nikitaka kusema hapana, naukumbuka mshahara ule.

Mwaka jana tuliongea kwa simu. Binti yake yuko darasa la kumi na moja, PCM. Nikamtania: si sera yenu ya elimu ya 2020 imesema kuta kati ya sayansi na sanaa zibomolewe? Akacheka, akasema sera iko Delhi.

"Nani kamchagulia?"

"Kachagua mwenyewe," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi na mama yake tulikuwepo."