Kegi ya mtumba, mtungi wa gesi na bia ya nyumbani hapa Minnesota

Kegi yangu ya kwanza ilinuka soda. Niliinunua dola 45 kwa mzee mmoja wa hapa kaskazini mwa Minneapolis, ikiwa imelala miaka mingi kwenye banda lake pamoja na mashine ya kukatia nyasi. Nilipofungua kifuniko pale pale uani kwake, harufu ya siropu ikanipanda puani kama vile imemwagwa jana. Mzee akanieleza kwamba ndivyo zilivyo zote. Kegi hizi, mapipa ya chuma ya galoni 5, yaani karibu lita 19, hazikutengenezwa kwa ajili ya bia. Zilikuwa za kubebea siropu ya soda kwenye migahawa. Siropu ilipoanza kusafirishwa kwenye mifuko ndani ya maboksi, vyombo vya chuma cha pua vikabaki bila kazi, na watu wanaopika bia majumbani wakavichukua.

Mimi ni mtu wa Marangu, nimekua nikiona mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inapikwa. Kwetu pombe haikai chupani. Inapikwa, inachotwa kwa kata, watu wanaimaliza siku hiyo au ya pili yake. Hapa ughaibuni nilianza kupika bia ya shayiri kwa sababu vifaa vyake vinapatikana: kimea, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), hamira ya bia, sufuria kubwa na ndoo yenye mfuniko. Kupika hakukunichosha hata siku moja. Kilichonichosha ni chupa.

Galoni 5 ni kama chupa 50. Zikusanye, zibandue lebo, zioshe, uue vijidudu, upime sukari ya kuzipa gesi, ujaze moja moja, ubane vifuniko, kisha usubiri wiki mbili au tatu. Mimi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku yangu ya mapumziko yote ilikuwa inaishia kwenye sinki. Halafu sukari ikizidi, au ukijaza kabla bia haijamaliza kuchachuka, chupa inapasuka. Nimewahi kuokota vioo kwenye kabati la nguo za watoto. Siku ile mke wangu alisimama mlangoni akaniambia, "Baba watoto, ama utafute njia nyingine ama uache." Nikatafuta njia nyingine.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kegi dola 45. Mtungi wa paundi 5 wa gesi ya kaboni dioksidi, ile inayotia mapovu kwenye soda, wa mtumba, dola 60. Regulata mpya, kifaa cha kupunguza presha inayotoka mtungini, dola 55. Viunganishi viwili na mipira ya kupitisha gesi na bia, dola 30. Bomba la plastiki la kubonyeza kwa kidole, dola 6. Seti ya oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, dola 5. Jumla dola 201. Hapa tunalipwa kila wiki mbili, kwa hiyo nilinunua kitu kimoja kila mshahara na miezi mitatu ikaisha bila kugusa pesa ya kodi wala ya kutuma nyumbani. Friji alituachia jirani aliyekuwa anahama.

Wengi wanaoniuliza wanaanza na bomba la chuma linalong'aa na friza lililotobolewa matundu manne. Nawaambia ndugu zangu, bia haijui bomba lako limegharimu kiasi gani. Kama una pesa kidogo, iweke kwenye regulata nzuri na kwenye mipira ya kuzuia gesi isivuje.

Kabla hujatoa hela, tazama vile vichwa viwili vilivyo juu ya kegi. Kuna aina mbili. Moja kiunganishi chake kinashikwa na vigololi, na ndiyo waliyoitumia Pepsi. Nyingine ina vipini vidogo pembeni, viwili upande wa gesi na vitatu upande wa kinywaji, na hiyo ilikuwa ya Coca-Cola. Ya vigololi ni ndefu na nyembamba, ya vipini ni fupi na nene kidogo. Viunganishi vyake haviingiliani kabisa, kwa hiyo chagua aina moja ubaki nayo. Mimi nilichukua ya vigololi kwa sababu vipuri vyake vimejaa madukani, na kifuniko chake kina pete ya kuvuta ili kutoa presha.

Hiyo pete ndiyo ya kwanza kuguswa. Usifungue kitu chochote kwenye kegi kabla hujaivuta mpaka mluzi uishe, kwa sababu kichwa kikiruka na presha ndani kinaweza kukutoa jicho. Baada ya hapo nilishika spana ya inchi 7/8 nikafungua vichwa vyote viwili. Chini ya kile cha gesi kuna mrija mfupi, chini ya kile cha bia kuna mrija mrefu unaofika mpaka sakafuni mwa kegi. Oringi ziko tano: moja kubwa ya kifuniko, mbili za vichwa, mbili ndogo za mirija. Zile ndogo zilikuwa zimekauka, na nilipozing'oa kwa ncha ya kisu ziliacha weusi vidoleni kama masizi. Zote nilizitupa. Nililoweka kegi kwa maji ya moto na sabuni ya unga usiku kucha, nikasuuza, nikanusa. Bado soda. Nikaloweka tena. Nilipofunga oringi mpya ndipo harufu ikaisha, maana ilikuwa imejificha kwenye mpira, siyo kwenye chuma.

Sasa gesi. Mtungi ule wa dola 60 ulinifundisha kusoma maandishi ya shingoni. Kila mtungi hapa una mwezi na mwaka uliopimwa mara ya mwisho, na unatakiwa kupimwa tena kila baada ya miaka 5. Wangu ulikuwa umepitisha muda. Duka la kwanza wakakataa kuujaza, na walikuwa na haki. Duka la pili wakaubadilisha na mwingine uliojaa, kwa nyongeza ya dola 30. Ukinunua wa mtumba, soma tarehe kwanza ndipo mzungumze bei. Na usije ukaunganisha mtungi na kegi bila regulata. Ndani ya mtungi presha inapita paundi 800 kwa inchi ya mraba kwenye joto la chumbani, wakati kegi yangu imegongwa mhuri wa mwisho paundi 130.

Usiku wa kwanza nilipoteza gesi yote. Nilijaza bia, nikafunga kifuniko, nikaweka regulata kwenye paundi 12, nikaenda kazini. Asubuhi saa moja nafungua friji, mshale wa regulata uko sifuri. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na koti langu bado mwilini, nikifikiria shifti nzima imeondoka hivyo hivyo. Kumbe kegi haikuwa na tundu. Ule mpira mkubwa wa kifuniko unahitaji kusukumwa kwa nguvu kutoka ndani ndipo ukae sawa, na 12 haikutosha. Siku hizi, kabla ya yote, naweka presha 30 kwa dakika chache, kifuniko kinakaa, kisha nachukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia nanyunyiza kila kiungo: kifuniko, vichwa, regulata, shingo ya mtungi. Panapovuja mapovu yanavimba taratibu, madogo kama mayai ya chura. Baada ya hapo nafunga mtungi kabisa usiku wa kwanza, asubuhi natazama kama mshale wa kegi umeshuka sana. Ukishuka kidogo ni bia inayomeza gesi. Ukilala sifuri, rudi kwenye sabuni.

Na mshale wa mtungi usikudanganye. Gesi ile ndani iko katika hali ya maji, kama ile ya kupikia kule nyumbani, kwa hiyo mshale unasimama pale pale mpaka maji yote yaishe, halafu unaanguka ghafla. Njia ya kweli ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni baada ya herufi TW. Toa huo, kilichobaki ni gesi yako.

Kuhusu kuipa bia gesi, subira ndiyo inayolipa. Friji kwenye nyuzi 3 au 4, regulata kwenye 12, iache wiki moja mpaka mbili. Baridi ndiyo inayofanya gesi iingie na kukaa. Bia ya joto hata uipigie presha vipi, gesi itatoka yote kwenye glasi. Nilijaribu njia ya mkato ya kuweka 30 na kutikisa kegi mapajani kama mtoto, nikapata glasi sita za povu. Ukiwa na haraka, weka 30 kwa siku moja bila kutikisa, vuta pete, rudisha 12.

Povu lingine lilitokana na mpira wa bia. Niliuziwa wa futi 3, na bia ilikuwa inatoka kwa kishindo. Nikanunua wa futi 10, ule mwembamba wa tundu la inchi 3/16, nikauzungusha juu ya kegi kama kamba ya ng'ombe. Urefu unapunguza kasi, bia inafika kwenye bomba imetulia. Dola 8 tu, na zilitibu kile ambacho bomba la dola 80 lisingetibu.

Januari nilifikiri gereji itanifanyia kazi ya friji. Minnesota baridi inashuka chini ya nyuzi 20 hasi, na kegi niliyoiacha huko ilianza kuganda kwenye mpira, kisha kwenye mrija. Iliyeyuka baada ya siku mbili, bia ikawa imepoa ladha. Gereji ni ya Oktoba na Aprili. Na pia, mtungi usikae kwenye chumba kidogo kisichopitisha hewa, wala usisafiri nao madirisha yamefungwa. Gesi hiyo haina harufu, inatanda chini, na mtu anaweza kulala asiamke.

Sheria nayo tuiheshimu, hasa sisi ambao makaratasi yetu bado yako mezani kwa watu. Rais Jimmy Carter alitia saini Oktoba 1978, na tangu Februari 1979 sheria ya shirikisho inamruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi yake, au 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili na zaidi. Kuuza hairuhusiwi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tuna desturi yetu ya mchango. Sherehe ikifika, mtu anaweka kibakuli karibu na kinywaji, kila mmoja anatia dola tano. Usiweke kibakuli karibu na kegi yako. Mchango wa msiba au wa harusi ukusanywe mahali pengine, na bia iwe ya kukirimu tu.

Rafiki yangu wa Kisii alipoiona kegi yangu mara ya kwanza alifurahi sana, maana kwao neno kegi ni la kila siku tangu East African Breweries walipoanzisha Senator Keg mwaka 2004, ile inayonywewa kwa magi. Akauliza magi ziko wapi. Nikamletea vikombe vya chai. Watoto nao wana kegi yao sasa, ya soda ya tangawizi: tangawizi iliyotwangwa, ndimu, sukari, maji, gesi. Familia zisizotumia pombe zikija kututembelea, hiyo ndiyo inayotoka. Ila oringi zake zisichanganywe na za bia, tangawizi haitoki kwenye mpira.

Desemba iliyopita nauli ya kwenda Moshi haikupatikana. Mtu aliyezaliwa Kilimanjaro anajua Krismasi ya mbali na nyumbani inavyokaa kifuani. Nikanunua ndizi zilizoiva kupita kiasi, ulezi nikaupata duka la Wahindi, nikauotesha, nikausaga, nikapika mbege bila msesewe kwa sababu gamba la mti ule hapa sikulipata. Nikaitia kwenye kegi. Wageni wakasimama na vikombe, nikabonyeza bomba, likatoa matone mawili likanyamaza. Ulezi ulikuwa umeziba mrija mrefu wote. Nikavuta pete, nikafungua kifuniko, nikaleta kikombe chenye mkono mrefu, na mzee mmoja wa Rombo akakipokea kwa mikono miwili akaanza kuchota, akianza na wakubwa. Ilikwisha kabla ya saa nne usiku. Kesho yake nilishinda nikichokonoa ulezi kwenye mrija kwa brashi ya waya.