Nilivyomudu kusoma uhasibu kwa Kiingereza Arusha, nikitokea Lubumbashi

Elimu yangu yote mpaka namaliza sekondari niliipata kwa Kifaransa. Kiingereza kwetu Lubumbashi, huko Kongo, ni somo kama masomo mengine, lina vipindi vyake vichache kwa wiki, basi. Hapa Arusha, chuoni ninakosoma uhasibu, ndicho kinachofundishia kila kitu, na mtihani hauulizi umetoka wapi. Ndugu wa nyumbani huniuliza nimemudu vipi. Watanzania nao huuliza, tena kwa mshangao zaidi, kwa sababu wananisikia naongea Kiswahili na kudhani sina shida yoyote. Kusema kweli Kiswahili hicho hicho ndicho kilichonivusha, na nilikitumia kwa makusudi.

Aliyenituma ni mama. Anafuata bidhaa Kariakoo, mzigo unapanda lori, unavuka Tunduma, unakatiza Zambia yote hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Njia nzima nyaraka ni za Kiingereza: ankara, fomu za forodha, risiti za ghala. Alichoka kulipa watu wa kumsomea karatasi zake mwenyewe. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, aliona biashara hiyo itazidi kuwa kubwa, akasema mtoto mmoja lazima aijue lugha ya zile karatasi. Mtoto huyo nikawa mimi.

Nilifika Oktoba, vyuo vikifungua, nikapanga chumba mtaa wa Sakina kwa mama mmoja mwenye binti aliyekuwa ametoka kufanya mtihani wa darasa la saba. Hapa inabidi nieleze kwa walio nje ya Tanzania. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, lakini sekondari ni Kiingereza. Mtoto anamaliza darasa la saba mwezi wa tisa, na Januari anaingia kidato cha kwanza anakokuta baiolojia, historia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Kwa hiyo miezi ile ya katikati wazazi wanaojiweza huwapeleka watoto tuisheni ya kuwaandaa, wenyewe wanaiita prifomu wani.

Jioni moja nilimkuta binti yule mezani na daftari lake. Nikamsalimia mama yake, nikaomba kuangalia.

"Shikamoo mama. Naweza kukaa naye kidogo? Haya anayosoma nami nayahitaji."

"Marahaba mwanangu, kaa. Yeye akufundishe Kiingereza, wewe mfundishe hesabu."

Tulifanya hivyo mpaka alipofungua shule. Kitu nilichokipata kwenye daftari la yule mtoto sikuwahi kukipata kwenye vitabu vyangu vya Kifaransa. Mwalimu wake wa tuisheni alikuwa anafundisha nyakati za Kiingereza kwa kutumia viambishi vya Kiswahili. Sasa, Kifaransa cha kuongea kina umbo moja tu la kusema nilikula na nimekula. Nilipokuwa napita Kifaransa kwenda Kiingereza, maumbo mawili ya Kiingereza yalinichanganya, sikujua lipi linakaa wapi. Kiswahili, hasa hiki cha huku, kinayatenganisha: -li- kwa jambo lililopita na wakati wake, -me- kwa jambo ambalo matokeo yake bado yapo. Niliacha kabisa kutafsiri kutoka Kifaransa. Kuanzia hapo sentensi niliiunda kwanza kwa Kiswahili, ndipo naipeleka Kiingereza. Naamini mzungumzaji yeyote wa Kiswahili aliyesomea Kifaransa akifanya hivyo atajiokolea muda mwingi.

Darasani ugumu ulikuwa wa namna nyingine. Maneno unaweza kuyatafuta kwenye kamusi ya simu, lakini hakuna kamusi ya tarakimu. Mhadhiri anaandika ubaoni 1,250. Kwa aliyesoma kwa Kifaransa hiyo ni moja na robo, maana kwetu mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi au kwa nukta. Hapa ni elfu moja mia mbili hamsini. Katika somo ambalo kila mstari una fedha, jambo hilo si dogo. Nilijiwekea utaratibu: kabla sijagusa swali, nasoma kila kiasi kwa Kiswahili kimoyomoyo, elfu ngapi na mia ngapi, ndipo naanza. Hata mwandiko niliubadilisha. Moja yetu ina mkono mrefu wa kupandia, na msahihishaji wa hapa anaweza kuisoma saba. Sasa naandika mstari mmoja ulionyooka.

Halafu kuna uhasibu wenyewe. Kongo iko katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara na uhasibu, tangu 2012, na mfumo wa OHADA umezipa akaunti namba ambazo kila mhasibu wa nchi hizo anazijua: 101 ni mtaji, 401 wagavi, 411 wateja, 52 benki, 57 fedha taslimu mkononi, 601 manunuzi ya bidhaa, 701 mauzo yake. Ukinitajia namba najua upande wake, debiti au krediti, kabla hujamaliza. Huku kwenye mazoezi ya darasani akaunti zinaitwa kwa majina tu. Wenzangu wengine kutoka nchi za Kifaransa walijitahidi kuzisahau namba zao ili waanze upya. Mimi nilifanya kinyume. Kila zoezi, pembeni ya jina la Kiingereza, niliandika namba ya kwetu kwa penseli. Leja yangu ilikuwa na safu nzima ya tarakimu ndogo za kijivu ambazo hakuna aliyezielewa, na urari ulikubali, yaani jumla za pande mbili zilikuwa sawa. Ujuzi niliokuwa nao haukupotea. Ulisubiri tu majina mapya. Kadiri majina yalivyokaa kichwani, penseli nayo ilipungua, mpaka ikabaki kwenye akaunti ngumu peke yake.

Diskasheni ndiyo chuo cha pili. Baada ya vipindi tunakaa watu watano sita, mmoja anashika chaki. Swali liko kwa Kiingereza, jibu litaandikwa kwa Kiingereza, lakini ubishi wote ni Kiswahili: "Hapo umedebiti nini? Mali imetoka, haijaingia!" Nilikuja na hofu ya kuwachelewesha. Kumbe wengi wao wamepita njia ile ile ya yule binti wa Sakina, wanakumbuka kidato cha kwanza kilivyowatesa, na wanajua namna ya kumweleza mtu jambo la Kiingereza kwa Kiswahili mpaka likaeleweka. Hiyo subira sidhani ningeipata katika nchi ambayo kila mtu kazaliwa na Kiingereza. Wahadhiri pia, wengi ukiwafuata baada ya kipindi wanakueleza kwa Kiswahili bila kinyongo.

Kwa kusoma sentensi ndefu, msaada nilioupenda kuliko yote uko hapa hapa mjini. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekuwa na makao yake Arusha tangu 2007, na hukumu zake zinapatikana mtandaoni kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, aya zikiwa na namba zile zile. Nilikuwa napakua zote mbili kwa waifai ya chuo. Nasoma aya ya Kiingereza, nikikwama nahamia aya yenye namba hiyo hiyo kwa Kifaransa. Ni sheria, si uhasibu, lakini nilichokuwa natafuta ni viungo vya lugha: hata hivyo, isipokuwa, kwa kuwa, endapo. Maswali ya nadharia katika ukaguzi wa hesabu yamejaa viungo hivyo, na ukikosa kimoja umejibu swali lingine. Kwenye majibu yangu niliandika sentensi fupi fupi. Steshenari jirani na chuo wanauza mitihani iliyopita, nikaifanya yote niliyoipata, nikiandika kwa mkono na kwa saa.

Maisha ya kawaida hayakunisumbua sana. Baridi ya Juni na Julai naijua, Lubumbashi nako ni juu. Kisamvu, ambacho sisi ni sombe, nanunua soko la Kilombero.

Kinachobaki kigumu ni kuwasilisha kazi mbele ya darasa. Kuandika nina muda wa kupita kwenye Kiswahili. Nikisimama mbele za watu sina. Kwa hiyo nafanya mazoezi chumbani kwa sauti, na yule binti, aliyekwisha kuzoea sekondari sasa, anakaa kitandani kunisikiliza na kunisimamisha pale asipoelewa.

Kwa anayejiandaa kuja kutoka Lubumbashi, Kalemie au Bujumbura: cheti chako cha sekondari kitafsiriwe kwa Kiingereza mapema, kwa sababu kinapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kupata ulinganifu, na bila hiyo barua udahili unakwama. Kibali cha ukaazi cha mwanafunzi ni daraja C, ulizia chuoni kwako mara tu ukipokelewa. Na chumba, usikimbilie kupanga na Wakongo wenzako. Ni ndugu zetu, Jumapili tunapika pamoja na kusali pamoja, lakini ukilala nao utaongea Kifaransa asubuhi mpaka usiku. Tafuta nyumba yenye watoto wa shule.