Nusu ya mdomo isiyo yangu

Naandika nikiwa na nusu ya mdomo tu. Upande wa kushoto bado una ganzi. Nimejaribu kunywa maji yakanimwagikia kifuani bila mimi kuwa na habari. Shavu naliamini lipo kwa kuwa naliona kwenye kioo.

Jino limeng'olewa asubuhi. Sindano ya kwanza haikushika. Daktari aligusa kidogo tu nikaruka, akasema penye uvimbe ganzi hushika kwa shida, akaongeza ya pili. Nilidhani ananibembeleza. Kumbe ni kemia. Palipovimba huwa na asidi zaidi, na asidi huifanya lidokeini, dawa yenyewe ya ganzi, ibebe chaji ya umeme; chembe yenye chaji haipenyi kirahisi utando wa neva, ambao ni wa mafuta. Na isipopenya haina kazi, maana mlango wa neva inaouziba huzibwa kwa ndani.

Mlango huo ndio ulionikalisha na simu mchana kutwa, nasoma. Neva ikitulia, ndani yake huwa hasi kuliko nje kwa kama milivolti 70. Umeme wenyewe ni wa chumvi: sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani, na kuna pampu zinazotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, hata mwenyewe ukiwa umelala fofofo. Kichocheo kikiishusha tofauti ile hadi 55 hivi, milango ya sodiamu hufunguka kwa pamoja, sodiamu humiminika ndani, na kwa muda wa milisekunde moja tu ndani pakawa chanya. Kipande hicho cha neva humwamsha jirani, jirani naye wa kwake, hadi kwenye ubongo. Nusu pigo halipo. Neva imepiga au haikupiga. Maumivu yakizidi, yanayozidi ni mapigo kwa idadi, ukubwa wa kila pigo ni uleule.

Kwa hiyo pale kitini, milango ya sodiamu ikiwa imezibwa, koleo lilifanya kazi yake yote, nyama ikachanika, na mjumbe hakutoka. Msukumo niliusikia, kwa sababu neva nyembamba za maumivu hunyamaza mapema kuliko nene za mguso, na ule mlio wa mfupa niliusikia kwa masikio vizuri mno (natamani nao ungezibwa). Kung'olewa jino ukijua unang'olewa, bila kuumia! Ilikuwa kama namshuhudia mtu mwingine, nikamwonea huruma.

Moyo tu ndio haukudanganyika, ulikwenda mbio tangu nilipoiona sindano. Baadaye ukatulia wenyewe, na hapo nikamkumbuka mwanasayansi Otto Loewi. Mwaka 1921 watu walikuwa bado wanabishana kama neva huongea na viungo kwa umeme mtupu. Loewi aliota jaribio, akaamka akaliandika, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii hakungoja kuche, akaenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inapiga, akaichochea neva ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, kisha maji yaliyouzunguka akayahamishia kwenye wa pili. Wa pili nao ukapunguza, na hakuna neva iliyoguswa. Ndani ya maji mlikuwa na kitu. Leo tunakiita asetilikolini. Pigo likifika ncha ya neva, neva humwaga kemikali, na seli ya ng'ambo huipokea kwa vipokezi vyake na kuamua la kufanya. Kemikali hiyohiyo inayopunguza mwendo wa moyo ndiyo inayouamuru msuli wa mkono ukaze. Maana ya ujumbe iko kwa anayeupokea.

Saa tisa na robo. Ncha ya mdomo imeanza kuwasha kama imepitiwa na siafu. Milango inafunguka. Nimeshameza dawa ya maumivu, na nimeiweka ya pili karibu.